Kitabu Kilichoporwa Hurudishwa kwa Nani?

Mwaka 1946, katika jengo la ghorofa tano lililokuwa mali ya kampuni ya kemikali ya I.G. Farben, kando ya mto Main katika mji wa Offenbach nchini Ujerumani, wafanyakazi wa Kijerumani walipewa kazi iliyoonekana kuwa haiwezekani. Walitakiwa kuvipanga kwa wenyewe vitabu vya Kiebrania, Kiyidishi, Kirusi na lugha nyingine nyingi, vilivyorundikana humo hadi darini, ilhali wengi wao hawakujua kusoma hata herufi moja ya lugha hizo. Kapteni Isaac Bencowitz wa jeshi la Marekani, ambaye kabla ya vita alikuwa mwanakemia, alitambua kwamba kusoma hakukuwa na ulazima. Karibu kila maktaba hugonga mhuri kwenye vitabu vyake, na mhuri, kama sura ya mtu, hutambulika hata na asiyejua jina la mwenye sura. Bencowitz aliipiga picha mihuri hiyo, akampa kila mfanyakazi michache ya kuikariri kwa macho tu, akavipitisha vitabu mbele yao mmoja baada ya mwingine. Aliyeuona mhuri wake alikitoa kitabu na kukiweka kwenye sanduku lake. Ambacho hakikutambuliwa na yeyote kilisonga mbele hadi kwa wataalamu wa lugha.

Kwa njia hiyo, ghala la Offenbach lilipokea, likapanga na kusafirisha zaidi ya vitabu na nyaraka milioni 3 kabla ya kufungwa mwaka 1949. Ni kazi kubwa, na inastahili sifa inayopewa. Hata hivyo, ugumu wa kurejesha vitabu vya Wayahudi vilivyoporwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia haukuwa katika kuusoma mhuri, bali ulianza pale mhuri ulipokwisha kusomeka, jina la maktaba likajulikana, mji ukajulikana, kisha ikagundulika kwamba katika mji huo hapakubaki mtu wa kukipokea kitabu.

Ili kuelewa vitabu hivyo vilifikaje Offenbach, ni lazima kwanza kuweka kando picha ambayo wengi wetu tunayo kuhusu Wanazi na vitabu, yaani picha ya moto. Moto ulikuwapo kweli: tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi walichoma vitabu hadharani jijini Berlin na katika miji mingine ya vyuo vikuu. Lakini vita vilipoanza, sera iliyotawala kuhusu maktaba za Kiyahudi ilikuwa tofauti, na kwa namna fulani ni ya kutisha zaidi kuliko moto. Alfred Rosenberg, mwana itikadi mkuu wa chama cha Nazi, alipewa mwaka 1940 kikosi maalumu cha kukusanya maktaba na kazi za sanaa katika nchi zilizokaliwa, na mwaka 1941 ikafunguliwa mjini Frankfurt taasisi ya kuchunguza kile walichokiita suala la Kiyahudi. Nia ilikuwa kuwaua Wayahudi na wakati huohuo kubaki na vitabu vyao, ili wasomi wa Kinazi waandike historia ya watu hao bila wao kuwapo kujibu. Idara kuu ya usalama ya utawala huo ilikuwa na mkusanyo wake yenyewe jijini Berlin, na vyombo hivyo viwili viligombania nyara kama ndugu wagombaniao urithi usio wao.

Orodha ya waliopokonywa ni ndefu. Amsterdam ilipoteza Bibliotheca Rosenthaliana na maktaba ya Ets Haim. Paris ilipoteza maktaba ya Alliance Israélite Universelle. Thessaloniki, mji wa Ugiriki ambako Wayahudi walizungumza Kihispania cha kale kwa karne nyingi, ulipoteza maktaba za sinagogi na za marabi wake. Mabomu yalipoanza kuiangukia miji ya Ujerumani, vitabu vilihamishiwa vijijini: vya Frankfurt vilipelekwa katika mji mdogo wa Hungen na vingine vya Berlin kwenye makasri ya Bohemia, eneo ambalo sasa liko Jamhuri ya Cheki, huku sehemu kubwa ya nyara za kikosi cha Rosenberg ikipelekwa Ratibor, mji ambao sasa uko Poland. Kwa hiyo vita vilipokwisha, kilichoamua hatima ya kitabu ni jeshi gani lilifika kwanza mahali kilipofichwa. Vya Hungen viliangukia mikononi mwa Wamarekani, na vya Ratibor mikononi mwa Wasovieti. Tofauti hiyo inaonekana hadi leo.

Kisa kinachoyaonyesha yote haya kwa pamoja ni cha Vilna, ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Kabla ya vita mji huo ulikuwa na maktaba ya Strashun, iliyotokana na vitabu ambavyo msomi Mattityahu Strashun, aliyefariki mwaka 1885, aliiachia jumuiya yake kwa wosia. Na tangu mwaka 1925 ulikuwa pia makao ya YIVO, taasisi ya utafiti wa lugha ya Kiyidishi na maisha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwaka 1942 Johannes Pohl, Mjerumani aliyesomea Kiebrania na kuutumia ujuzi huo kuwapora wenye lugha, aliamuru vitabu vya Wayahudi wa mji huo vikusanywe na kuchambuliwa. Wachambuzi walikuwa Wayahudi wenyewe, waliotolewa kila asubuhi katika geto, yaani mtaa waliofungiwa na Wajerumani, na kurudishwa jioni. Miongoni mwao walikuwa mkutubi Herman Kruk, msomi Zelig Kalmanovitch, na washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski. Agizo lilikuwa kwamba sehemu ndogo ipelekwe Frankfurt, na iliyobaki, takriban asilimia 70, ipelekwe kiwandani ikasagwe kuwa rojo la karatasi.

Wenzao getoni waliwaita Kikosi cha Karatasi, na jina hilo lilikuwa na chembe ya dhihaka, kwa kuwa watu wenye njaa walishangaa kuona mtu akihatarisha maisha kwa kuvusha karatasi badala ya mkate. Walivusha hata hivyo. Walifunga miswada tumboni chini ya nguo, na Sutzkever alifanikiwa kupata kwa Mjerumani ruhusa ya kupeleka getoni karatasi taka za kuwashia majiko, kisha akaitumia ruhusa hiyo kuvusha barua za waandishi na kumbukumbu za jumuiya zilizoandikwa kwa mkono. Walizificha chini ya sakafu, ndani ya kuta, na kwenye mahandaki. Nani angewalaumu kama wangeamua kwamba karatasi si kitu mbele ya kifo? Kalmanovitch alifia katika kambi nchini Estonia. Kruk aliuawa katika kambi ya Lagedi, nchini humo humo, mwezi Septemba 1944, siku moja kabla ya jeshi la Kisovieti kufika. Sutzkever na Kaczerginski walitorokea msituni kwa wapiganaji, na Vilna ulipokombolewa Julai 1944 walirudi kufukua walichokuwa wamekificha.

Ukombozi, hata hivyo, haukuwa mwisho wa hatari. Washairi hao walifungua makumbusho ya Kiyahudi, lakini utawala mpya wa Kisovieti haukuwa na haja na kumbukumbu za taifa lisilo na nafasi katika mpango wake, na shehena za karatasi zilianza tena kupelekwa viwandani kusagwa. Safari hii waliovusha nyaraka walizivusha kutoka mikononi mwa waliowakomboa, wakizituma kwa siri hadi New York. Makumbusho yalifungwa mwaka 1949. Kilichobaki kiliokolewa na mtu asiye Myahudi, mkutubi wa Kilithuania aitwaye Antanas Ulpis, ambaye alikificha katika kanisa lililogeuzwa kuwa ghala la vitabu la serikali, nyuma ya marundo ya magazeti, na kukiacha humo kwa miaka mingi bila kukitangaza. Habari zake zilianza kujulikana miaka ya mwisho ya 1980, na hata mwaka 2017 zilitangazwa kurasa takriban 170,000 zaidi ambazo hazikuwa zimejulikana.

Turudi sasa Offenbach, ambako sehemu ya vitabu vya Vilna iliyopelekwa Frankfurt ilikuwa imelala ndani ya masanduku. Kanuni ya jeshi la Marekani ilikuwa wazi: mali iliyoporwa irejeshwe kwa serikali ya nchi ilikotoka, na serikali hiyo ndiyo itakayomtafuta mwenyewe. Kwa Uholanzi na Ufaransa kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri, maana nchi zilikuwapo, maktaba zilikuwapo, na wakutubi walikuwa wakisubiri. Rosenthaliana na Ets Haim zilirudi Amsterdam mwaka 1946. Lakini Vilna ulikuwa katika Poland kabla ya vita, na baada ya vita ukawa katika Umoja wa Kisovieti. Kurudisha vitabu vya YIVO nchini vilikotoka kungekuwa ni kuwakabidhi wale ambao tayari walikuwa wakizisaga karatasi za namna ileile.

Kilichoiokoa YIVO ni kwamba ilikuwa na mwili mwingine. Kiongozi wake Max Weinreich alikuwa nje ya Vilna vita vilipoanza, na mwaka 1940 tawi la New York likageuka kuwa makao makuu. Kwa hoja kwamba taasisi ni ileile ingawa imehama, zaidi ya masanduku 400 yalisafirishwa kwenda Marekani mwaka 1947. Ndani ya masanduku hayo vilikuwamo pia vitabu vya maktaba ya Strashun, na hapo hoja inapoteza nguvu kidogo, kwa sababu Strashun hakuiachia vitabu vyake YIVO, bali jumuiya ya Wayahudi wa Vilna. Jumuiya hiyo ilikuwa imeuawa karibu yote. Mtu anaweza kusema kwamba YIVO ilikuwa mrithi wa karibu zaidi kati ya waliobaki hai, nami naona ni kweli. Ila si sawa na kusema kwamba vitabu vilirudi kwa mwenyewe.

Kutokana na hali za aina hiyo ilizaliwa dhana ambayo sheria za wakati huo hazikuizoea: mali isiyo na warithi kwa sababu warithi wote waliuawa. Kwa kawaida mali ya marehemu asiye na mrithi huangukia dola. Hapa ingekuwa na maana kwamba vitabu vya Wayahudi wa Ujerumani vinarithiwa na Ujerumani, yaani muuaji anamrithi aliyemuua. Ili kuliepuka hilo, mwaka 1947 wasomi wa Kiyahudi waliunda jijini New York shirika lililoitwa Jewish Cultural Reconstruction, likiongozwa na mwanahistoria Salo Baron, na baadaye mwanafalsafa Hannah Arendt akawa katibu mtendaji wake. Mwaka 1949 jeshi la Marekani lilikubali kulikabidhi shirika hilo vitabu visivyo na mwenyewe, karibu nusu milioni, likiwa mdhamini wa Wayahudi wote.

Ndipo mabishano yalipohamia ndani ya nyumba. Gershom Scholem wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, aliyefika Offenbach mwaka 1946, aliamini kwamba mahali pa vitabu hivyo ni Jerusalem. Na masanduku kadhaa ya miswada aliyoichagua kuwa ya thamani kubwa yalipelekwa huko kwa msaada wa kasisi wa Kiyahudi wa jeshi la Marekani, bila idhini ya wakuu wa jeshi. Wengine waliona kwamba vitabu viwafuate wasomaji walio hai, popote walipo. Mwishowe uligawanywa mgawo wa maelewano: takriban asilimia 40 kwenda Israeli, asilimia 40 Marekani, na iliyobaki katika nchi nyingine, zikiwamo Uingereza, mataifa ya Amerika Kusini na Afrika Kusini. Ndani ya kila kitabu kilibandikwa kikaratasi chenye jina la shirika, ili msomaji ajue kimepitia wapi. Vitabu vya kidini vilivyoharibika kiasi cha kutosomeka, pamoja na magombo ya Torati yasiyofaa tena, vilizikwa ardhini kwa heshima, desturi ambayo Mwislamu wa pwani anayejua namna msahafu uliochakaa unavyosetiriwa hatahitaji kuelezwa.

Mgawo huo hulaumiwa mara kwa mara kwa kuivunja mikusanyo iliyokuwa mizima, na lawama hiyo ina ukweli. Juzuu mbili za kazi moja, zilizokaa rafu moja mjini Frankfurt au Breslau, zinaweza leo kuwa katika mabara mawili. Hata hivyo waliogawa hawakuwa wakichagua kati ya mema na mabaya. Walikuwa na vitabu, ghala linalofungwa, na jumuiya zisizokuwapo tena.

Vitabu vilivyoangukia mikononi mwa Wasovieti vilifuata njia nyingine. Karibu nusu milioni, vingi vyake kutoka Ufaransa na nchi jirani zake, vilipelekwa Minsk, nchini Belarus, kutoka Ratibor, na kwa miongo mingi vilikaa humo bila kutangazwa. Mwaka 1998 Urusi ilipitisha sheria iliyotangaza nyara za kitamaduni zilizoletwa baada ya vita kuwa mali ya dola kama fidia ya hasara ilizopata. Hasara hizo zilikuwa za kweli na za kutisha. Ugumu ni kwamba Myahudi wa Paris aliyeporwa vitabu na Wajerumani hakuwa amemdai wala kumdhuru Mrusi yeyote.

Hadi hapa nimezungumzia maktaba za taasisi. Vitabu vya watu binafsi vina historia ya kimya zaidi, na pengine inayouma zaidi. Familia zilipopelekwa kambini, vyumba vyao viliondolewa kila kitu, na pamoja na masufuria na mashuka vilitoka vitabu vya mapishi, vya shule, vya sala na vya watoto. Mwaka 1943 maktaba ya jiji la Berlin ilichukua zaidi ya vitabu 40,000 vya namna hiyo kupitia duka la rehani la manispaa. Vilivyoingizwa viliandikwa katika daftari la mapokezi lililowekewa alama ya herufi J. Baadaye, kwa miaka mingi baada ya vita, vitabu viliendelea kuingizwa kwenye rafu kama kawaida, vingine vikiwa vimebanduliwa vikaratasi vya majina na kufutwa maandishi ya wenyewe. Watafiti wa maktaba iliyorithi mkusanyo huo walipoanza kuvipitia kimoja kimoja, walichokuwa wakikitafuta kilikuwa kidogo mno: saini ya penseli, tarehe, neno la zawadi ya sikukuu ya Hanuka kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi.

Ndiyo maana kazi ya kuhifadhi na kazi ya kurejesha haziwezi kutenganishwa, ingawa katika maktaba nyingi zilikuwa zikifanywa na watu wasiozungumza. Mkutubi mwenye nia njema, akikuta jalada limeoza, hulitupa na kulibadilisha. Pamoja na jalada huondoka kikaratasi cha mwenyewe kilichobandikwa ndani yake. Akikuta ukurasa wa mwanzo umechafuka kwa wino, huusafisha. Wino huo huenda ulikuwa jina. Kwa mtafiti wa umiliki, uchafu ni ushahidi. Siku hizi mhuri uliokwanguliwa huangaliwa kwa taa ya miali ya urujuanimno, namba za zamani za rafu hulinganishwa na madaftari ya mapokezi, na picha za alama hizo huwekwa kwenye hifadhidata zinazochangiwa na maktaba kadhaa, ili jina lililopatikana katika mji mmoja lioane na jina lililopatikana katika mji mwingine. Kimsingi ni mbinu ileile ya Bencowitz, isipokuwa macho yameongezeka.

Nchi 44 zilipokubaliana jijini Washington mwaka 1998 juu ya kanuni za kushughulikia kazi za sanaa zilizoporwa na Wanazi, fikra zilikuwa juu ya michoro. Azimio la Terezín la mwaka 2009 lilipanua wigo na kuvitaja vitu vya utamaduni wa Kiyahudi, vikiwamo vitabu na miswada. Hakuna kati ya hati hizo mbili inayobana kisheria. Tena kuna jambo la fedha ambalo husemwa kwa sauti ya chini: mchoro wa mamilioni humpata wakili kwa urahisi, lakini kitabu cha mashairi ambacho sokoni kina bei ya mlo mmoja humgharimu mkutubi wiki kadhaa za kuandika barua, kupekua madaftari ya wakazi wa zamani na kutafuta wajukuu ng'ambo. Ukipima kwa mizani ya bei, kazi hiyo ni hasara. Wajukuu wanaopokea kitabu hicho mara nyingi hawana kitu kingine chochote kilichowahi kushikwa na mkono wa babu yao.

Swali la nchi dhidi ya watu halikuishia katika vita vile. Mei 2003, baada ya majeshi ya Marekani kuingia Baghdad, ndani ya chumba cha chini cha makao ya idara ya ujasusi, kilichojaa maji, walikuta zaidi ya vitabu 2,700 na makumi ya maelfu ya nyaraka za Wayahudi wa Iraki. Viligandishwa ili kuvu isivimalize, vikapelekwa Marekani na kukaushwa, kusafishwa na kupigwa picha na Hifadhi ya Taifa ya nyaraka, kwa makubaliano kwamba baadaye virudishwe Iraki. Waliopinga ni Wayahudi wenye asili ya Iraki wanaoishi ng'ambo, waliouliza vitarudishwaje kwa dola iliyowanyang'anya, katika nchi ambamo jumuiya iliyozidi watu 100,000 katika miaka ya 1940 imebaki watu wa kuhesabika kwa vidole. Iraki nayo ilijibu kwamba historia ya Wayahudi wa Baghdad ni sehemu ya historia ya Iraki. Kila upande unasema jambo la kweli.

Kuhusu Vilna, njia iliyopatikana ilikuwa ya kuacha kubishania karatasi na kuziunganisha picha zake. Mwaka 1995 na miaka iliyofuata Lithuania iliikopesha YIVO nyaraka zinakiliwe jijini New York kisha zirudi. Na kuanzia mwaka 2015 pande hizo mbili ziliendesha mradi wa miaka 7 wa kuhifadhi na kuweka kwenye intaneti yaliyobaki New York na Vilnius, jumla ya kurasa takriban milioni 4.1. Daftari lililochanwa vipande viwili linaweza sasa kusomwa kama moja, ingawa kila kipande kimebaki kilipo. Si urejeshaji, na wahusika hawakuuita hivyo.

Uunganishaji wa namna hiyo huhitaji kujua kilichokuwapo, na hilo ndilo linaloifanya maktaba ya jumuiya ya Wayahudi wa Roma kuwa kisa cha peke yake. Tarehe 14 Oktoba 1943 Wajerumani waliipakia ndani ya mabehewa mawili ya treni, takriban juzuu 7,000, baadhi zikiwa za karne za mwanzo za uchapaji. Siku mbili baadaye waliwakamata wenyewe, na zaidi ya watu 1,000 wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Maktaba jirani ya chuo cha marabi, iliyoporwa pia, ilipatikana baada ya vita na kurudi. Ya jumuiya haikupatikana, hata baada ya tume ya serikali ya Italia kuitafuta kuanzia mwaka 2002 hadi 2009. Haikuwahi kuorodheshwa kikamilifu; ipo orodha ya sehemu tu, iliyoandikwa na msomi Isaia Sonne katika miaka ya 1930. Siku ya upakiaji, karani wa jumuiya aliyekuwa akitazama aliandika katika shajara yake namba za mabehewa, na namba hizo zipo hadi leo.